Mtoto Anacheua, Mizani Inasemaje?

Lubumbashi, habari ya mtoto anayecheua mara nyingi huanzia kwenye dirisha la farmasi. Mama wa Katuba au wa Kampemba anasema, “Mutoto anarudisha maziwa,” muuzaji anauliza ana miezi mingapi, analia kiasi gani, kisha chupa ya dawa inatolewa na pesa inalipwa. Uzito wa mtoto haukuulizwa. Mimi naona karibu suala zima limo katika swali hilo lililorukwa, kwa sababu kuona maziwa kwenye bega la kitenge hakumwambii mtu yeyote kama mtoto ni mgonjwa. Mizani inaweza kumwambia, na mizani ipo katika kituo cha afya cha mtaa.

Kucheua kwenyewe ni jambo la watoto wengi sana. Mwaka 1997 Suzanne Nelson na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji wazazi wa watoto 948 wa eneo la Chicago. Kati ya watoto wasiofikisha miezi 4, nusu walikuwa wakirudisha maziwa angalau mara moja kwa siku. Kwa watoto wa miezi 4 idadi ilipanda hadi asilimia 67. Kwa wale wa miezi 10 hadi 12 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 5. Hao ni watoto wa Chicago, lakini umio wa mtoto wa Ruashi umeumbwa vilevile: ni mfupi, kama sentimita 10 tu kwa mtoto mchanga, na chini yake kuna msuli wa mviringo unaobana mlango wa tumbo. Msuli huo hulegea mara kwa mara kwa sekunde chache, hata kwa mtu mzima. Mtu mzima huwa amesimama au ameketi, na tumboni mwake mna bukari, yaani ugali. Mtoto amelala chali, tumbo limejaa majimaji matupu, na kila saa mbili au tatu linajazwa tena. Msuli ukilegea, maziwa yanapanda. Akianza kukaa, kusimama na kula chakula kizito, mambo yanatulia yenyewe.

Katika mwendo huo wa tarakimu kuna jambo ambalo sisi wazazi hatulitilii maanani. Kucheua kunafika kilele karibu na mwezi wa 4 halafu kunashuka bila msaada wa mtu. Kwa hiyo dawa yoyote inayoanzishwa wakati wa kilele itaonekana imefanya kazi. Sharubati ya farmasi itapata shahidi, majani ya nkambo (bibi) yatapata shahidi, uji wa mapema nao utapata wake. Katika kila familia ya Lubumbashi yupo mtu atakayeapa kwamba mwanawe alipona kwa kitu fulani, naye hasemi uongo. Alichokosa ni mtoto wa pili aliyeachwa bila kitu, wa kumlinganisha na huyo.

Kilio nacho kina kilele chake. Watoto wachanga hulia zaidi karibu na wiki ya 6, hasa jioni, na hilo limejulikana tangu T. Berry Brazelton alipolieleza mwaka 1962. Basi mtoto wa wiki 6 anayelia jioni na kucheua anakutana na mambo mawili ya kawaida kwa wakati mmoja, na watu wazima wanayaunganisha: analia kwa sababu asidi inamchoma. Inawezekana. Lakini maziwa hupunguza ukali wa asidi tumboni, na kinachopanda muda mfupi baada ya kunyonya mara nyingi si kikali cha kuunguza. Mtu mzima mwenye kiungulia anaeleza maumivu yake mwenyewe. Kwa mtoto tunakisia, na makisio yetu huwa yanafuata ugonjwa tunaoujua katika miili yetu. Kilio peke yake, au kukunja miguu peke yake, si ushahidi wa ugonjwa wa asidi.

Kuna kosa jingine la macho. Maziwa yakimwagika kwenye nguo huonekana mengi. Anayetaka kuhakikisha amwage kijiko kikubwa kimoja cha maji juu ya kitenge kikavu, aone doa linavyotanuka. Mama anayeapa kwamba mtoto “anarudisha yote” mara nyingi ameona kijiko au viwili. Hata hivyo si vizuri kumpuuza akisema hivyo, na nitaeleza sababu mbele kidogo.

Sasa mizani. Katika vituo vya afya vya mji huu siku ya CPS, yaani kliniki ya watoto wadogo, inajulikana: akina mama wamepanga foleni na kadi mkononi, mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye ndoano ya mizani, analia, muuguzi anaandika namba, anayefuata. Desturi hii ina historia ndefu Katanga, na si yote ya kupendeza. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliamua katika miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto badala ya kuleta wanaume wapya kila mara. Mtoto wa kambini akawa mfanyakazi wa kesho, hivyo afya yake ikawa sehemu ya hesabu za kampuni, kwa vituo vya uzazi na kliniki za watoto wachanga. Kampuni ikataifishwa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na hospitali zake ziliendelea kuwatibu watoto wa wafanyakazi. Tukaurithi upimaji, lakini mama hakufundishwa kuisoma kadi. Hadi leo namba inaandikwa kwa ajili ya kituo. Mama anaondoka akijua chanjo ijayo ni lini, bila kujua mstari wa mwanawe umepanda au umelala.

Na mstari huo ndio unaojibu. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za kwanza, hadi asilimia 10 hivi, na inatazamiwa awe ameurudisha akifika wiki 2. Baada ya hapo, katika miezi 3 ya mwanzo, huongeza karibu gramu 20 hadi 30 kwa siku. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, vinampa mvulana wa katikati kilo 3.3 akizaliwa, 5.6 akiwa na miezi 2, 6.4 akiwa na miezi 3, na 7.0 akiwa na miezi 4. Msichana yuko chini kidogo: 3.2, 5.1, 5.8 na 6.4. Hizo ni namba za katikati, si sharti. Mtoto aliyezaliwa na kilo 2.6 atakuwa na mstari wake chini ya hizo, na hakuna ubaya mradi mstari unapanda sambamba na ile iliyochapwa kwenye kadi.

Angalia lakini kinachotokea kati ya mwezi wa 2 na wa 4. Mvulana aliyeongeza zaidi ya kilo 1 katika mwezi wa pili anaongeza gramu 600 hivi katika mwezi wa nne. Kasi imepungua kwa kawaida yake, na ni wakati uleule ambapo kucheua kumefika kileleni. Mama anaona maziwa yanamwagika zaidi na mtoto “haongezeki kama zamani”. Hitimisho linajileta lenyewe, nalo si sahihi. Muuguzi mwenye subira ya kumwonyesha mchoro angelimaliza jambo hilo kwa dakika 2.

Shida nyingine ni kalenda. Chanjo za utotoni zinawaleta mama na mtoto kituoni katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Baada ya hapo wengi hawaonekani hadi chanjo ya surua katika mwezi wa 9, ingawa CPS ni ya kila mwezi. Mtoto anafika kilele cha kucheua akiwa ameshatoka kwenye foleni ya mizani. Tukitaka kutofautisha kucheua kwa kawaida na ugonjwa, vipimo vya uzito vya mwezi wa 4, 5 na 6 vina thamani kuliko kipimo chochote cha maabara, na ndivyo vinavyokosekana.

Mtoto anayecheua mara 6 kwa siku, anacheka, ananyonya kwa hamu na mstari wake unapanda, ana kazi ya kuchafua nguo tu. Yule anayestahili kushukiwa kuwa na ugonjwa ni mwingine: uzito umesimama au unashuka; ananyonya kidogo, anaachia titi, anajikunja nyuma na kulia kila anapolishwa, si jioni peke yake; anakataa kabisa kula; anacheua maziwa yenye nyuzi za damu au chenga za kahawia; anakohoa au kukorota tena na tena bila mafua. Wapo wachache wanaopinda shingo na mgongo kwa namna ya ajabu baada ya kunyonya. Marcel Kinsbourne alilieleza jambo hilo mwaka 1964, nalo likapewa jina la Paul Sandifer. Kwa macho ya jirani hiyo ni degedege, na mtoto anaweza kuanza kutafutiwa tiba ya degedege. Tofauti kubwa ni kwamba kupinda huku kunafuata mlo, na mtoto anabaki na fahamu zake. Hata hivyo, uamuzi huo ni wa daktari aliyemwona mtoto, au aliyeonyeshwa video ya simu. Simu kwa kweli imekuwa chombo kizuri sana cha uchunguzi hapa.

Hatari ninayoiogopa zaidi iko upande wa pili: kila kinachotoka mdomoni kuitwa kucheua. Kutapika na kucheua si kitu kimoja. Anayecheua, maziwa yanamtiririka bila jitihada, hata yeye hashtuki. Anayetapika anakaza tumbo. Mwongozo wa PCIME, yaani wa matibabu ya pamoja ya magonjwa ya utotoni, ambao wauguzi wa vituo vyetu wamefundishwa, hauna kisanduku cha kucheua, lakini una alama za hatari zinazotosha: mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka. Ndiyo sababu mama anayesema “anarudisha yote” hapuuzwi. Anyonyeshwe mbele ya muuguzi, kila mtu aone. Kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi 2, joto la 37.5 au zaidi, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinachobonyea ndani au kunyonya kulikopungua ghafla kunatosha kumpeleka hospitali, acheue asicheue. Maambukizi ya damu kwa umri huo hayasubiri. Malaria ni nadra kidogo katika miezi ya mwanzo kabisa, ila katika mji huu mtoto mwenye homa anayetapika anapimwa malaria, na jibu la malaria lisifunge mlango wa kutafuta homa ya uti wa mgongo wala maambukizi ya mkojo. Utosi uliovimba, kichwa kinachokua haraka kuliko kadi inavyoonyesha, tumbo lililofura na kukaza: hizo ni safari za hospitali, si za farmasi.

Rangi inasema mengi. Matapishi ya kijani kama maji ya sombe (kisamvu) yana nyongo, ishara kwamba huenda njia imeziba chini ya tumbo, pengine utumbo umejisokota. Hapo saa zinahesabiwa. Mtoto wa namna hiyo asisimame popote njiani. Apelekwe moja kwa moja mahali penye daktari wa upasuaji, kama Hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Lipo na lile la maziwa yanayoruka kwa nguvu na kutua mbali, kwa mtoto wa wiki 2 hadi 8, mara nyingi zaidi mvulana, anayetapika na papo hapo anataka tena kunyonya huku akikonda. Huyo msuli wa mlango wa kutokea tumboni umenenepa na kuziba njia. Tangu Conrad Ramstedt alipoonyesha upasuaji wake mwanzoni mwa miaka ya 1910, mtoto huyu anaponywa kwa chale moja fupi, mradi afike kabla maji na chumvi za mwili hazijamwishia. Matapishi yake hayana kijani, ndiyo maana anaweza kuzungushwa kwa majuma na jina la “asidi”.

Turudi kwenye dirisha la farmasi. Karatasi ya dawa inapoandikwa herufi tatu, RGO, yaani kupanda kwa vilivyo tumboni hadi kwenye umio, kinachofuata mara nyingi ni moja ya familia mbili za dawa. Ya kwanza ni dawa za kuzuia kutapika. Metoclopramide, ambayo wengi wanaijua kwa jina Primpéran, inaweza kumpinda mtoto shingo, kumgeuza macho na kumkaza taya. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya liliipiga marufuku kwa watoto wasiofikisha mwaka 1. Fikiria basi mtoto aliyekuwa anacheua tu, amepewa matone, sasa amepinda shingo. Jioni anatibiwa degedege. Domperidone, yaani Motilium, iliwekewa mipaka na shirika hilohilo mwaka 2014 kwa sababu ya mapigo ya moyo. Familia ya pili ni za kupunguza asidi. Ranitidine iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 baada ya kukutwa na uchafu unaoshukiwa kuleta saratani, na mtu akiikuta bado kabatini aiache hapo.

Zilizobaki ni omeprazole na ndugu zake. Mwaka 2009 Susan Orenstein na wenzake walichapisha jaribio la watoto 162 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa wa asidi: nusu walipewa lansoprazole, nusu dawa ya bandia. Walioonyesha nafuu walikuwa asilimia 54 katika kila kundi. Sawasawa kabisa. Waliopewa dawa ya kweli ndio waliopata madhara makubwa zaidi, hasa maambukizi ya njia ya hewa. Asidi ya tumbo ina kazi ya kuua vijidudu, na katika mji unaoijua kolera, wenye bomba la shirika la maji Regideso linalokauka na ndoo za visima, kumwondolea mtoto ulinzi huo bila sababu nzito ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Mwongozo wa mwaka 2018 wa vyama vya madaktari wa matumbo ya watoto vya Amerika Kaskazini na Ulaya unakataza dawa hizi kwa mtoto anayecheua huku akikua vizuri.

Mwongozo huo unaanza na ulishaji, na nyumbani mengi yanawezekana bila pesa. Titi liendelee. Mtoto anyonyeshwe kidogo kidogo na mara nyingi, asubiriwe abeue katikati, kisha akae wima kifuani kwa mama kama nusu saa. Kubebwa mgongoni kunampa wima, lakini kitenge kilichokazwa tumboni mara tu baada ya kunyonya kinasukuma maziwa yarudi, hivyo afungwe baadaye. Kiti cha mtoto kinachomkunja kiuno hakisaidii. Orenstein huyohuyo alikwisha kuonyesha mwaka 1983 kwamba kinazidisha. Usiku alale chali, hata anayecheua. Hofu ya kupaliwa akilala chali haina msingi, wakati kulala kifudifudi kunaongeza vifo vya ghafla.

Uji ndio ninaoubishania zaidi na akina nkambo. Katika nchi tajiri daktari huweza kushauri kuongeza unga wa nafaka katika chupa ili maziwa yawe mazito, na kweli kucheua kunaonekana kupungua. Wazo hilo likifika kwetu linageuka uji wa mahindi kwa mtoto wa miezi 3, unaochukua nafasi ya titi na kuleta kuhara. Utafiti wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta ni kama nusu tu ya watoto wa Kongo wasiofikisha miezi 6 waliokuwa wakinyonya titi bila kuongezewa kitu, na kucheua ni mojawapo ya visingizio vinavyofungua mlango wa maji, uji na maziwa ya kopo. Kumpitishia mtoto maji ya mizizi kwa mpira kutoka nyuma, “kumsafisha tumbo”, hakugusi kabisa msuli ulio juu ya tumbo, na kunaweza kumkausha au kumtia sumu. Wala mama asishutumiwe kwamba maziwa yake yameharibika kwa sababu amerudi mapema kwa mume wake. Hayaharibiki hivyo.

Nimesikia pia vumbi la migodi likitajwa kuwa sababu ya kucheua. Mji huu una sababu ya kuliogopa: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health ulikuta kwamba baba anayefanya kazi ya madini alihusishwa na hatari kubwa zaidi ya mtoto kuzaliwa na ulemavu. Ulihusu ulemavu unaoonekana kwa macho, haukuhusu kucheua, na tusiutwike mzigo usio wake.

Wanabaki wale ambao ulishaji haukuwatosha na mstari wao umelala. Kwao hatua inayofuata ni kuondoa maziwa ya ng'ombe kwa wiki 2 hadi 4, kwa kuwa mzio wa maziwa hayo unafanana mno na ugonjwa wa asidi, hasa mtoto akiwa na ukurutu au damu chooni. Kwa mama anayenyonyesha Lubumbashi si adhabu kubwa. Bukari, sombe na dagaa havina maziwa. Ataacha maziwa ya unga ya chai ya asubuhi, yogati na majarini yenye maziwa. Anayenyonya kopo ana tatizo gumu zaidi, kwa sababu maziwa maalumu ni ghali mno, na huyo anahitaji daktari wa watoto mapema. Picha ya eksirei yenye dawa nyeupe haithibitishi ugonjwa huu, inatafuta tu kasoro ya njia. Kisha, kwa mtoto ambaye haya yote yamefanyika, na kwa wale ambao kucheua kwao hakufuati kalenda ya kawaida, yaani waliozaliwa na umio usiounganika wakafanyiwa upasuaji au wenye ubongo ulioumia wakati wa kuzaliwa, daktari anaweza kujaribu omeprazole kwa wiki 4 hadi 8, kwa kipimo kinachofuata kilo za mtoto za siku hiyo, na tarehe ya kuiacha imeandikwa kwenye kadi.